Saba Katika 48

Siku ya tatu ya kupekua faili za zamani za madai ya ardhi ndipo nilipomwona nyanya yake babu, na faharasa ya majina nilikuwa nimeshaipita mara mbili. Nilimtafuta kwenye M, Mwanaisha. Karani alimwandika "Bi Isha", akamtia kwenye B. Mabwana na masharifu nao wamo kwa vyeo vyao, si kwa majina.

Kilichonifikisha ni jirani. Sheria ya hatimiliki ya mwaka 1908 ilimtaka kila mwenye shamba pwani ya Kenya apeleke madai, la sivyo ardhi ihesabiwe ya serikali ya kikoloni. Hati zilizoambatishwa hutaja mipaka minne, kibla (kaskazini), suheli (kusini), matlai (mashariki) na magharibi, na kila upande jina la mtu. Babu alikuwa akimtaja jirani wao wa matlai. Nikafungua faili la huyo. Upande wake wa magharibi ndipo alipokuwa Bi Isha, pamoja na namba ya madai yake.

Ndani mlikuwa na hati ya mauzo ya kadhi kwa herufi za Kiarabu, na tafsiri ya Kiingereza imebanwa juu. Wengi husoma tafsiri tu, na hapo ndipo hupotea. Mtafsiri aliandika "1910" na "sehemu yake ya urithi". Hati yenyewe ilisema Rajabu 1328, yaani Julai hadi Agosti 1910, na sehemu yenyewe: mafungu 7 katika 48 ya shamba la marehemu baba yake.

Nikachukua penseli. Mjane mwenye watoto ana thumni, 1/8. Kinachobaki, mwanamume hupata mara mbili ya mwanamke. Nyumbani tulijua ndugu watatu, wanaume wawili na yeye: mafungu matano. Basi mirathi ingekatwa sehemu 40. Mjane 5, wanaume 14 kila mmoja, yeye 7. Arubaini na nane hutoka kwa mafungu sita ya watoto: mjane 6, wanaume 28 kwa pamoja, na 14 zilizobaki ni za mabinti wawili. Nikajaribu kumtia mama wa marehemu na sudusi yake, 1/6, saba haitoki. Wajane wangekuwa wawili au watatu, wangegawana thumni ileile.

Jioni nikamuuliza shangazi kama Bi Isha alikuwa na dada.

"Nani kakwambia?" akasema, akaendelea kuchambua mchele. Baadaye kidogo: "Aliolewa Lamu."

Kesho yake nikaanzia B.