Tezi chini ya sikio

Mvua zimeshika huku Simanjiro. Majani yamepanda na kupe wamepanda nayo. Asubuhi kundi lilipotoka, ndama mmoja dume hakumfuata mama yake. Hiyo ndiyo tabu ya ng'ombe wa nyama. Wa maziwa unamkamua kila siku, ndama wake unamshika, unamjua. Hawa wetu hunyonya wenyewe porini, na ukimwona mmoja amezubaa ujue ugonjwa umeshalala naye siku kadhaa.

Nikampapasa chini ya sikio: tezi limevimba kama yai la kanga. La mbele ya bega pia. Kipimajoto kikapanda hadi 41. Ndama mzima huishia kwenye 39.5 hivi. Lakini pua ilikuwa bado kavu, nikapata moyo. Povu likishaanza kutoka puani mapafu yamejaa maji, na hapo dawa humkuta mgonjwa ameshaondoka. Kijana wetu wa zizini alishatamka "oltikana" kabla sijafungua mkoba. Kwa Kiswahili, ndigana kali, ugonjwa unaoletwa na kupe.

Tumemchoma buparvakwoni kwenye msuli wa shingo, mililita 1 kwa kilo 20, na itarudiwa baada ya saa 48. Ni dawa ghali, ndiyo maana wengi hukimbilia antibiotiki ya oksitetrasaiklini, oksi, kwa kila homa. Ndigana ikishapamba moto, oksi haiiwezi.

Ajabu ni kwamba oksi hiyohiyo ndiyo mhimili wa chanjo ya ndigana kali. Ndama huchomwa vimelea hai vya ugonjwa, na papo hapo oksi ya kukaa mwilini muda mrefu, ili vimelea vimfundishe mwili bila kumuua. Njia hii ilitengenezwa Muguga, Kenya, miaka ya 1970, na mojawapo ya mbegu zake tatu za vimelea ilitoka hapa kwetu, Serengeti. Tatizo ni ufungashaji. Chanjo hukaa kwenye naitrojeni ya kimiminika, na mrija mmoja ukiyeyushwa ni dozi 40 za kumalizwa ndani ya saa chache. Mimi ndama 40 nitawatoa wapi?

Kwa hiyo mchana wote nimezunguka maboma ya majirani kuomba ndama, kama mtu anayechangisha harusi. Kina mama wamekubali upesi, wao ndio wanaokesha na ndama wagonjwa. Mzee wa ng'ambo ya korongo ndiye aliyenikalisha.

"Nikichanja naacha kuogesha dawa ya kupe?"

"Hapana, mzee. Hii ni ya ndigana kali tu. Ndigana baridi, ugonjwa mwingine wa kupe, inabaki, na kupe wanabaki."

"Sasa faida yangu iko wapi?"

Nikamwambia mnadani wanunuzi huangalia hereni ya chanjo sikioni, na mwenye hereni huongezewa bei. Akanyamaza, akachora chora chini kwa fimbo.

"Hereni nayo inalipiwa?"

"Imo humohumo kwenye bei ya sindano."

"Basi andika wangu saba. Na yule kilema pia."