Jedwali la kila dakika kumi

Mwaka 2009 nilikuwa naangalia seva ya mafaili katika chuo kimoja Dar es Salaam. Kompyuta za maabara hazikuhifadhi kitu. Kazi za watu wote zilikaa kwenye seva hiyo moja na kufikiwa kwa NFS, utaratibu unaoziwezesha kompyuta kutumia mafaili ya seva kupitia mtandao. Diski zilikuwa zinajaa, na mkuu wa kitengo, tuliyemwita Mzee, akataka kuona nani anatumia nafasi kiasi gani. Nikaandika skripti fupi kwenye kompyuta ya mezani kwangu: du, amri ya kupima ukubwa wa mafaili, ipite kila folda, ijumlishe, ipange kuanzia kubwa, na cron, programu inayoanzisha kazi kwa ratiba, iiite kila baada ya dakika 10. Jina la juu halikubadilika kamwe. Lilikuwa la dada mmoja wa shahada ya uzamivu aliyekuwa anatafiti mvua.

Wiki chache baadaye seva ikaanza kukwama. Ikifika saa nne asubuhi, ukifungua folda unasubiri mpaka unakata tamaa. Mzee akalitazama jedwali langu. "Kijana, si huyu hapa? Mwambie binti apunguze mizigo yake."

Nilikwenda nikamwambia. Hilo linaniuma mpaka leo, kwamba nilikwenda kabla sijapima. Hakubishana. Alisema, "Sawa kaka," akafungua droo na kutoa diski tatu za nje, kila moja imebandikwa kipande cha karatasi chenye miaka ya vipimo vyake.

Alihamisha mafaili siku mbili nzima. Seva haikupona.

Ndipo nikaifungua nfsstat, amri inayoonyesha takwimu za NFS, kwa makini. NFS toleo la 3, la mwaka 1995, lina aina 22 za maombi ambayo kompyuta inaweza kuipelekea seva, na nfsstat huhesabu kila aina peke yake. Ila hesabu yake huanza pale seva ilipowashwa, kwa hiyo namba unayoiona imechanganya jana na juzi, usiku na mchana. Nikachukua daftari, nikawa naandika kila baada ya dakika tano na kutoa ile ya nyuma. Saa nne kasoro robo ilipofika, picha ikajitokeza: read na write, yaani maombi ya kusoma na kuandika, zilikuwa zinajongea polepole, lakini getattr ilikuwa inapaa. Getattr haisomi kilichomo ndani ya faili. Inauliza tu: wewe ni mkubwa kiasi gani, ni wa nani, umebadilishwa lini?

Upande wa seva, nfsstat haisemi nani anauliza. Ikabidi nizunguke kompyuta moja baada ya nyingine, niitazame hesabu ya upande wake. Kwa yule dada nilikaa muda mrefu kuliko kwingine. Programu yake ilifungua faili moja kubwa na kulisoma taratibu. Getattr yake karibu haikusogea. Mafaili yake yalikuwa makubwa, ndiyo, lakini yalikuwa machache, na seva haikuwa na habari nayo.

Meza yangu niliiacha mwisho. Pale getattr ilikuwa inakimbia hata sikuweza kuifuata kwa macho. Nikaandika ps, amri ya kuorodhesha programu zinazoendelea, zikatokea du saba, zote zangu. Usiku du ilimaliza mapema. Asubuhi watu wakishaingia ilipita dakika kumi, na cron haiulizi kama ya kwanza imemaliza, inaanzisha nyingine. Zote saba zilikuwa zinahoji mafaili yale yale, moja moja, hadi vile vifaili vidogo visivyohesabika vya mazoezi ya wanafunzi.

Nikazifunga zote. Jioni hiyo nikawasha kwota kwenye seva, ambako mfumo wenyewe hujiwekea hesabu kila faili linapoandikwa, na amri ya repquota huisoma tu bila kumsumbua mtu.

Nikamwendea Mzee. "Mzee, kosa si la binti. Ni jedwali langu." Alinyamaza kidogo. "Basi nenda kamwambie mwenyewe."

Kesho yake nilimkuta maabara, nikamwomba radhi, nikamwekea daftari mbele. Alizifuata safu kwa kidole, akauliza getattr ni nini, nikamweleza. Kisha akazitoa zile diski tatu. Tulianza kurudisha miaka yake ya mvua saa tano, na mpaka magharibi nilikuwa bado nimekaa naye, nikiitazama write ikipanda.