Kuitazama treni ya reli ya zamani Mwanza

Nilitaka kuiona treni ya reli ya zamani ikiingia Mwanza, siku hizi ambapo mazungumzo yote ni ya SGR, reli mpya ya kisasa. Nikapanda basi la alfajiri kutoka Musoma. Bunda, Lamadi, Magu. Ziwa linajitokeza kulia, linapotea, linajitokeza tena. Nyamhongolo nikadaka daladala hadi mjini.

Stesheni ya Mwanza ni mwisho wa reli iliyofika mwaka 1928, Waingereza walipokamilisha tawi la kutoka Tabora. Kwenye benchi alikuwepo mzee mmoja, mstaafu wa reli.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Unasafiri?"

"Hapana, nimekuja kuitazama treni tu."

Akanisogezea nafasi haraka, kama mtu aliyesubiri kuulizwa. Ujana wake aliuanza kwenye injini za mvuke, akichochea moto. Moto unachemsha maji ndani ya boila, alinieleza, mvuke unasukuma pistoni, pistoni zinazungusha magurudumu. "Lakini ilikuwa na kiu! Ndiyo maana stesheni za njiani zilijengewa matangi ya maji. Na dereva ulimjua ukiwa nyumbani. Kila mmoja na honi yake."

Honi ikalia upande wa kusini. Wachukuzi wakainuka, kina mama wa maembe wakajitwika beseni. Kichwa kilikuwa cha dizeli, nilijua hivyo, lakini moyo ulinidunda vilevile reli zilipoanza kutetemeka. Mabehewa yakapita polepole mbele yetu, vichwa vimejaa madirishani, mtoto akipunga mkono kwa kila mtu, magunia ya mchele wa Shinyanga yamesukumwa hadi mlangoni. Mzee alisimama wima mpaka behewa la mwisho liliposimama. Hakusema neno, nami sikumsemesha.

Najua reli mpya inahitajika. Kipande cha Mwanza hadi Isaka, kilomita 341, kiliwekewa jiwe la msingi Juni 2021, na nitakuwa wa kwanza kukata tiketi. Ila hii ya zamani, yenye upana wa mita moja, haijamaliza kazi. Uganda nao wana upana huohuo, kwa hiyo pale Mwanza Kusini mabehewa ya mizigo huingia moja kwa moja ndani ya MV Umoja, meli yenye reli tumboni, na kuvuka ziwa hadi Port Bell bila gunia kushushwa.

Na injini za mvuke je? Shirika la Reli la Afrika Mashariki lilizipa baadhi majina ya makabila yetu. Namba 3020, iliyoundwa Glasgow mwaka 1955, inaitwa Nyaturu, jina la watu wa Singida, nayo imehifadhiwa kwenye makumbusho ya reli Nairobi. Nilipomtajia mzee akanishika mkono: "Ipo? Inawaka?" Nikamwambia iliwahi kukarabatiwa ikavuta tena mabehewa ya watalii. Sioni kwa nini nasi tusifufue moja, hata kwa kuitembeza kati ya Mwanza na Fela siku za sikukuu. Mafundi wanaoijua kazi hiyo bado wapo, wanakaa kwenye mabenchi ya stesheni, lakini umri unakwenda.