Pikipiki inapiga resi yenyewe? Iache kwanza hiyo skrubu ya sailensi

Pikipiki ikianza kusumbua kwenye sailensi, yaani injini inavyozunguka ukiwa hujavuta mafuta, mara iko juu inalia, mara inashuka inataka kuzima, mara umeachia mafuta lakini resi inaning'inia huko juu inachelewa kurudi, watu wengi hapa Mwanza wanakimbilia bisibisi. Wanaifungua ile skrubu ya sailensi inatulia kidogo, wanaendelea na safari, kesho asubuhi haishiki kwa sababu imekaa chini mno, wanaikaza tena, ikifika saa sita mchana injini imepata moto inapaa upya. Unaweza kwenda hivo mwezi mzima na ugonjwa upo pale pale.

Mimi hili jambo linaniumiza kwa sababu mji wetu ni wa milima na mawe. Fikiria unashuka na abiria kutoka Bugando, umeachia mafuta ukitegemea injini ikushikie, kumbe yenyewe bado inasukuma. Hapo kazi yote umeiachia breki, na breki za bodaboda nyingi tunazijua zilivyo.

Twende taratibu. Injini haiwezi kupanda resi bila kupata hewa zaidi, hilo ndo la kushika. Sa hewa hiyo ya ziada inaingia kwa njia mbili tu, ama slaidi, kile kizibo kinachopanda na kushuka ndani ya kabureta, haijafunga mpaka chini, ama kuna tundu pengine linapitisha hewa ambayo kabureta haina habari nayo. Hiyo ya pili ndo mbaya zaidi maana hewa inaongezeka na mafuta hayaongezeki. Petroli inataka hewa kama kilo 14.7 kwa kila kilo moja ya mafuta ili iungue sawasawa, ukizidisha hewa mchanganyiko unakuwa mkavu, injini inachemka na sailensi inakosa utulivu. Na ukitaka kujua kwanini inasumbua kwenye sailensi tu ila barabarani inakimbia vizuri, ni kwamba slaidi ikiwa imefunga injini inanyonya kwa nguvu sana pale kwenye shingo (menifodi), kile kibomba kinachounganisha kabureta na injini, kwahiyo hata ufa mdogo unaingiza hewa ya maana, ukivuta mafuta slaidi inafunguka, ule mnyonyo unapungua na hewa ya ufa inamezwa na hewa nyingi inayopita njia halali.

Kuna dogo mmoja jirani yangu huku Buswelu, anabeba samaki kutoka Mwaloni pale Kirumba, pikipiki yake ya 125 ilikuwa na tatizo hilihili. Ilishapita kwa fundi mmoja akabadilisha plagi, akaosha kabureta, akafunga, na hali ikazidi kuwa mbaya. Akaniambia "kaka hii wamesema ni hali ya hewa ya ziwa, nikienda nayo Shinyanga itatulia." Nikamwambia sikiliza mdogo wangu, Mwanza tupo kama mita 1,140 juu ya usawa wa bahari, hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Dar, kwahiyo kabureta iliyosetiwa Pwani ikija huku inakuwa na mafuta mengi kuliko hewa, yaani plagi inakuwa nyeusi. Ya kwako tumeifungua ni nyeupe kama chaki, ziwa halihusiki hapa. Na Shinyanga nako kupo juu vilevile.

Tulianza na waya wa mafuta, ule unaotoka mkono wa kulia kwenda kwenye kabureta, kwa sababu ni bure na hauhitaji kufungua kitu. Washa pikipiki, iache kwenye sailensi, geuza usukani kushoto mpaka mwisho halafu kulia mpaka mwisho. Resi ikipanda upande mmoja basi waya umebanwa au ni mfupi au umepitishwa vibaya. Bodaboda zetu zina mambo mengi pale mbele, kishikio cha simu, waya za taa za ziada, kioo cha kuzuia upepo, na vyote vinafungwa pamoja na kebotai, vile vifungio vya plastiki, zilizokazwa mpaka waya wa mafuta hauna pa kujinyoosha. Angalia pia mpira wa mkono wa kulia kama haujasukumwa ndani ukasugua nyumba ya akseleta, nimeziona nyingi za hivo, ukiachia mkono unabaki nusu njia. Waya unatakiwa uwe na uhuru wa milimita 2 hadi 3 hivi kabla haujaanza kuvuta slaidi. Kwa dogo waya ulikuwa safi, ukiachia unarudi na mlio wa slaidi kugonga chini unausikia.

Kipimo cha pili ni choki. Injini ikiwa ya moto na resi inaning'inia, vuta choki kidogo tu, yenyewe inapunguza hewa na kuzidisha mafuta. Ikitulia au ikashuka ujue ilikuwa na njaa ya mafuta, hewa imezidi. Ya dogo ilishuka palepale.

Basi tukatafuta ufa. Wengine wanatumia ile dawa ya kusafishia kabureta, wanapuliza kwenye shingo wakisikiliza mlio, inafanya kazi lakini dawa ile inashika moto haraka na bomba la ekzosi lipo pale chini limewaka, mimi siipendi kabisa kazi hiyo. Chukua chupa ya kupulizia yenye maji, pulizia kidogokidogo kwenye mpira wa menifodi na pale kabureta inapokutana na shingo, usimwagie injini nzima. Maji yanaziba ufa kwa sekunde chache na unasikia mlio unabadilika. Sisi tulipopulizia kwenye mpira hakuna kitu, tulipopulizia kwenye maungio ya kabureta, upande wa ndani usioonekana vizuri, resi ikaanguka mpaka pikipiki ikataka kuzima, halafu ikapanda tena maji yalipokauka. Dogo alikaa kimya anaangalia tu.

Tukafungua. Ile oringi, pete ya mpira inayoziba kati ya kabureta na shingo, imebapa kabisa, imekuwa ngumu ukiikunja inakatika. Ila lililonishtua ni uso wa kabureta wenyewe, tuliweka rula ya chuma juu yake tukamulika tochi kwa nyuma, kwenye masikio mawili ya bolti panagusa na katikati mwanga unapita. Hii inatokea mtu akiona panavujisha anakaza, panavujisha anakaza tena, aluminiamu ile ni laini, masikio yanavutwa yanajikunja na tundu linazidi. Na juu yake kulikuwa na silikoni imepakwa, petroli imeilainisha imekuwa kama ute. Naomba sana mafundi wenzangu tuache silikoni kwenye njia ya mafuta, na tuache kukata tyubu ya baiskeli kufanya gaskiti, petroli inaivimbisha tyubu na baada ya muda mnarudi palepale.

Tulienda kwa mzee mmoja fundi wa Nyakato, tunamwita babu, yeye akaweka msasa laini juu ya kipande cha kioo, akamwagia mafuta kidogo, akaanza kusugua ule uso kwa mwendo wa namba nane bila kukandamiza. Alikuwa anasimama kila mara anaangalia alama, "bado, hapa katikati bado hapajagusa," mpaka alama zikaenea uso mzima. Oringi mpya, bolti zikakazwa kwa zamu huku na huku, kwa mkono wa kawaida.

Kama ya kwako haina ufa wala waya haujabanwa, angalia jeti ndogo, ile yenye tundu la kupitisha mafuta ya sailensi ndani ya kabureta, kama imeziba, ipulize kwa kompresa, usiichokonoe kwa waya wa chuma maana ukitanua lile tundu umeiharibu jumla. Halafu pima tapeti, yaani ile nafasi ndogo ya valvu, valvu ikibanwa sana sailensi haitulii hata ufanye nini.

Skrubu zinakuja mwishoni kabisa. Injini iwe ya moto kwelikweli, zungukia hata Igoma urudi. Angalia ile skrubu ndogo ya mchanganyiko iko upande gani, ikiwa upande wa filta inaongoza hewa, ukifunga mafuta yanazidi, ikiwa upande wa injini inaongoza mafuta, ukifunga yanapungua, kabureta nyingi zinakubali kuanzia mzunguko mmoja na nusu hadi miwili kutoka kwenye kufunga. Izungushe polepole mpaka upate pale injini inapozunguka vizuri zaidi, kisha ndo ushushe sailensi kwa skrubu kubwa, pikipiki ndogo nyingi zinatulia kwenye 1,200 hadi 1,500 kwa dakika, kama huna mshale wa resi sikiliza tu, iwe inadunda bila kuyumba. Piga resi uachie, ishuke moja kwa moja. Tembea nayo siku kadhaa ufungue plagi, ukikuta rangi ya kahawia umemaliza, ukikuta bado nyeupe chukua chupa ya maji urudi kwenye shingo.