IBM 1401 na biti ya nane

Anayetaka kuelewa kompyuta kubwa za zamani zilivyokuwa zikiandikiwa programu asianzie kwenye yale majitu ya valvu yaliyojaza ukumbi mzima. Aanze na IBM 1401. Ilitangazwa Oktoba 1959, ikiwa na transista badala ya valvu, na hadi inaondolewa sokoni mwaka 1971 zilikuwa zimeundwa zaidi ya 12,000. Kodi yake ilianzia dola 2,500 kwa mwezi. Waliokuwa na mashine kubwa za kisayansi kama IBM 7090 waliifanya mtumwa wa kuhamisha yaliyo kwenye kadi za karatasi zenye matundu kwenda kwenye tepu za sumaku, na kuchapa matokeo. Kwa maoni yangu walikuwa na kito mkononi wasikijue.

Kumbukumbu yake ilikuwa ya vipete vya feraiti, yaani pete ndogo mno za sumaku. Toleo dogo lilikuwa na nafasi 1,400, kubwa kabisa 16,000, na kila nafasi ilibeba herufi moja (tarakimu na alama nazo zikihesabiwa herufi). Herufi ilichukua biti sita, ya saba ilikuwa ya ukaguzi, na ya nane iliitwa alama ya neno. Hiyo ya nane ndiyo roho ya mashine nzima.

Sababu ni kwamba 1401 haikuwa na urefu maalumu wa namba wala wa amri. Namba ingeweza kuwa na tarakimu 2 au 50. Mashine ilipewa anwani ya tarakimu ya mwisho, ya kulia, ikawa inasogea kushoto tarakimu moja moja kama mtoto anavyojumlisha kwenye daftari, hadi ikute alama ya neno. Hapo husimama. Amri zilisomwa kinyume chake: kutoka kushoto kwenda kulia, zikianzia kwenye herufi yenye alama na kuishia pale alama inayofuata ilipo. Amri fupi kabisa ilikuwa na herufi 1, ndefu 8.

Vifaa vilikuwa na maeneo yao ya kudumu. Kadi iliyosomwa ilitua nafasi 001 hadi 080, safu moja kwa nafasi moja. Ya kutobolewa ilipangwa 101 hadi 180. Mstari wa kuchapwa ulikaa 201 hadi 332, kwa kuwa printa ya 1403 ilikuwa na nafasi 132 kwa mstari. Hii hapa programu kamili ya kusoma kadi na kuchapa kila moja kwenye mstari wake, iliyowekwa kuanzia nafasi 400:

400  /332
404  /
405  /080
409  ,001
413  1
414  M080280
421  2
422  B413

Ni herufi 26 tu, ukiacha namba za nafasi zilizo kushoto. Mkwaju (/) ni amri ya kufuta: huanza kwenye anwani iliyotajwa na kushuka hadi mia kamili, ikifuta herufi pamoja na alama za neno. Kwa hiyo /332 inafuta 332 hadi 300. Mkwaju wa pili hauna anwani kwa sababu rejista, kihifadhi cha anwani ndani ya mashine, imeachwa ikionyesha 299, basi unaendelea kutoka hapo hadi 200. Waandishi wa programu walipenda sana ujanja huu wa kuunganisha amri, maana uliokoa herufi tatu kila mara, na kwenye mashine ya nafasi 1,400 herufi tatu si haba. Koma inapanda alama ya neno kwenye 001. Namba 1 ni kusoma kadi, M ni kuhamisha, 2 ni kuchapa, B ni kuruka kurudi 413. Nafasi ya 426 nayo inatakiwa iwe na alama ya neno, au iwe tupu, ili mashine ijue B imekwisha.

Ukiondoa ule mstari wa 409, M inaanza 080 ikipeleka herufi kwenye 280, inashuka vizuri hadi 001 na 201, halafu haioni pa kusimamia. Inapitiliza na kuandika juu ya nafasi zisizo zake. Kosa la upande wa pili ni alama iliyosahauliwa katikati, tuseme kwenye 061: hapo utahamishwa mkia tu wa kadi, safu ya 61 hadi 80, na mstari utaanzia katikati ya karatasi. Kusoma kadi mpya hakugusi alama za neno, hivyo kosa hilo linajirudia kadi baada ya kadi.

Namba hasi nazo ziliwachanganya wageni. Alama ya kutoa haikuwa na nafasi yake. Iliwekwa kwenye biti za juu za tarakimu ya mwisho. Tarakimu 5 yenye alama hiyo ni herufi N. Ripoti ya fedha ikitoka na 12N, jua ni hasi 125 iliyochapwa bila kupitishwa kwanza kwenye amri ya E, ya kupamba namba. Anwani za juu ya 999 zilitumia mbinu kama hiyo: 1400 iliandikwa U00.

Kasi ilihitaji hesabu. Mzunguko mmoja wa kumbukumbu ulikuwa mikrosekunde 11.5. M080280 inakula mizunguko 8 kuisoma amri na 160 kuhamisha herufi 80, jumla 168, karibu milisekunde 1.9. Kisomaji cha 1402 kilisoma kadi 800 kwa dakika, yaani milisekunde 75 kwa kadi, lakini katika hizo ni 10 tu zilizobaki kwa hesabu zako. Ukizidisha hata kidogo, klachi ya kisomaji inakupita na unangoja mzunguko mzima. Kutoka kadi 800 unaangukia 400. Programu yetu hapo juu tayari imechelewa, kwa sababu printa inataka milisekunde 100 kwa mstari (mistari 600 kwa dakika). Ndiyo maana palikuwa na amri 3, inayochapa na kusoma kwa pamoja.

Je, programu iliingiaje kwenye mashine isiyo na chochote ndani? Mwendeshaji aliweka kadi, akabonyeza kitufe cha kupakia. Mashine ilisoma kadi ya kwanza, ikapanda alama moja tu kwenye 001, ikaanza kutekeleza kuanzia hapo. Alama nyingine zote kadi ilibidi ijipandie yenyewe. Kwa hiyo ilianza na amri kama ,008015: inapanda alama kwenye 008, inapoanzia amri ya pili, na 015, inapoishia. Ya pili inapanda za mbele yake, na kuendelea, kama mtu anayejenga daraja ubao kwa ubao huku amesimama juu yake. Inawezekana kwa sababu amri ya koma yenye anwani mbili ni miongoni mwa chache zisizohitaji alama ya kuzifunga.

Watu hawakuandika herufi hizi kavu kila siku. Walitumia asembla, programu inayogeuza majina ya amri kuwa herufi za mashine: kwanza SPS, kisha Autocoder. Kwenye kadi ya Autocoder safu 1 hadi 5 zilikuwa za namba ya mpangilio, 6 hadi 15 za jina, 16 hadi 20 za amri, na anwani zilianzia safu ya 21. Kutoboa amri kuanzia safu ya 15 badala ya 16 kulitosha kuharibu mstari.

Hizo safu tano za mwanzo wengi walizipuuza hadi siku furushi lilipoanguka sakafuni. Zikiwa zimetobolewa, kadi zinapitishwa kwenye mashine ya kupanga ya 083, kadi 1,000 kwa dakika, safu moja kwa kila mzunguko, ukianza na safu ya 5 kurudi hadi ya 1. Ukianza na ya 1 unavuruga kila ulichokipanga. Kinga rahisi zaidi ilikuwa kuchora mstari wa mshazari kwa kalamu ya wino juu ya ukingo wa furushi: kadi ikihama mahali pake, mstari unakatika na jicho linaiona. Chumba chenye unyevu kilikuwa adui mwingine, kwani kadi hunyonya maji, hujikunja na kukwama kwenye kisomaji.

Kutafuta kosa kulifanyika mbele ya mashine. Swichi ya hali iliwekwa kwenye I/EX, na kila ukibonyeza kitufe cha kuanza mashine inasoma amri na kusimama. Bonyeza tena, inaitekeleza. Ukishuku alama za neno, palikuwa na aina ya amri 2 iliyochapa tarakimu 1 mahali pa kila alama. Unalaza karatasi mbili sambamba, ya herufi na ya alama, na kosa unaliona kwa kidole.

Mashine mbili za 1401 zilifufuliwa kwenye Computer History Museum kule Mountain View, California. Aliye mbali anaweza kutumia kiigizi cha SIMH, programu inayoiga kompyuta za zamani, ambacho kina 1401 ndani yake. Weka zile herufi 26, ziendeshe, kisha badilisha ,001 iwe ,061 uone karatasi itatokaje.