Haya Yote Yametupata: Zaburi ya 44 na Shabiki wa Ingwe

Bwana asifiwe, wapendwa.

Neno letu wiki hii ni Zaburi ya 44. Tafadhali isomeni yote, aya zote 26, kabla ya kuendelea. Naomba hivyo kwa sababu ni zaburi tunayoiruka. Zaburi ya 23 tunaijua kwa moyo, ya 91 tumeibandika mlangoni, lakini hii ya 44 sikumbuki lini mara ya mwisho nilisikia ikihubiriwa. Ni wimbo wa watu walioshindwa vitani, wakarudi nyumbani wakiwa na aibu, wakasimama mbele za Mungu kumwambia waziwazi kwamba hawaelewi anachofanya.

Kilichonirudisha kwenye zaburi hii ni AFC Leopards, klabu ya mpira ya Kenya ambayo sisi mashabiki tunaiita Ingwe. Najua wengine mtashangaa mpira umeingiaje kwenye tafakari. Vumilieni kidogo. Mimi ni wa Ingwe tangu utotoni, timu niliyoikuta nyumbani kama nilivyolikuta kanisa, na mambo mawili hayo yamenifundisha kwa pamoja zaidi ya ninavyoweza kuyatenganisha.

Zaburi inaanza kwa kumbukumbu: "Mungu, kwa masikio yetu tumesikia, baba zetu wametuambia." Angalieni vizuri. Mwimbaji hakuona kwa macho yake. Amesimuliwa. Habari za ushindi zote alizonazo ni za wazee, na yeye amezaliwa wakati wa vichapo. Kijana yeyote wa Ingwe anaijua hali hiyo. Baba zetu wametuambia kwamba mwaka 1964 vilabu vya Waluhya viliungana vikawa Abaluhya United, na kwamba mwaka 1980, majina ya kikabila yalipokatazwa katika michezo, timu ikaitwa AFC Leopards. Wametuambia habari za Joe Kadenge, jinsi mpira ulivyomtii mguuni. Wametuambia kwamba 1982, 1983 na 1984 tulichukua ubingwa wa vilabu vya Afrika Mashariki na Kati mara tatu mfululizo, langoni akiwa Mahmoud Abbas, kijana wa Mombasa, na mbele akiwa Joe Masiga, mshambuliaji aliyekuwa pia daktari wa meno. Mzee akifika hapo kwenye simulizi huwa anasimama kutoka kwenye kiti. Nimewaona wazee zaidi ya mmoja wakisimama hivyo.

Kisha inafika aya ya 9, na neno lake la kwanza ni "Lakini".

Taji letu la mwisho la ligi lilikuwa la 1998. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule sasa ni mtu mzima, pengine ana watoto wake, na hajawahi kuiona Ingwe ikikabidhiwa kombe la ligi. Katikati ya miaka ya 2000 tulishuka daraja, tukarudi Ligi Kuu 2009. Mwaka 2017 tulipata kombe la mtoano kwa kuwafunga Kariobangi Sharks, tukalia kwa furaha. Mwaka 2019 mdhamini mkuu akajiondoa katika michezo nchini, na vilabu kadhaa vikabaki mikono mitupu, chetu kikiwemo. Yakafuata yale ambayo kila shabiki anayajua: mishahara kuchelewa, makocha kuondoka, kesi za madai kufika FIFA, klabu kufungiwa kusajili. Mchezaji mzuri akishakaa miezi bila mshahara huvunja mkataba na kwenda zake, na klabu haiambulii kitu. Sasa someni aya ya 12, pale mwimbaji anapomlalamikia Mungu kwamba amewauza watu wake bila kupata faida yoyote. Sisemi zaburi iliandikwa kwa ajili ya mpira. Nasema anayejua uchungu huo mdogo anaweza kuutumia kama mlango wa kuingilia ule mkubwa.

Na aya ya 13 na 14, ile ya kufanywa dhihaka kwa majirani, watu wakitikisa vichwa? Majirani zetu ni Gor Mahia, klabu yenye asili ya Waluo. Mechi yetu nao inaitwa dabi ya Mashemeji kwa sababu Waluhya na Waluo wameoana vizazi na vizazi, kwa hiyo anayekucheka Jumapili jioni ni kaka ya mke wako. Kuanzia 2013 hadi 2024 wao wamechukua ligi mara tisa. Shemeji hakutukani. Anakumiminia chai, anakuuliza taratibu, "Na nyinyi mnaendeleaje huko?" Mwimbaji wa Zaburi anasema fedheha yake iko mbele yake mchana kutwa, na mimi namwamini. (Niwatendee haki mashemeji: kabla ya 2013 na wao walikuwa wamekaa tangu 1995 bila taji, miaka 18, na uwanja walikuwa wanaujaza. Tuna la kujifunza kwao.)

Kuna kijana, mtoto wa dada yangu, tunayekwenda naye uwanja wa Nyayo, Nairobi. Huyu ni wa kizazi cha kusimuliwa. Mechi moja tulikuwa nyuma kwa bao moja tangu kipindi cha kwanza, na kuanzia hapo hakufunga mdomo. Alimlalamikia beki wa kushoto kwa kupanda bila kurudi. Alilalamikia kona zinazopigwa fupi. Alilalamikia kocha kuchelewesha mabadiliko mpaka dakika ya 80, na viongozi wanaoonekana siku za uchaguzi wa klabu tu. Mzee mmoja aliyekaa mbele yetu, mwenye kofia ya manyoya ya bluu na nyeupe, alichoka naye. Akageuka akamwambia, "Kijana, kama huipendi timu, hamia kwa majirani." Kijana akamjibu kwa heshima, lakini bila kupunguza sauti: "Mzee wangu, nikinyamaza ndipo mjue nimehama."

Neno hilo limenikaa. Nadhani ndilo neno lenyewe la Zaburi ya 44.

Tumelelewa kuamini kwamba mtu wa imani halalamiki. Tunanukuu wana wa Israeli jangwani, jinsi walivyonung'unika na jinsi walivyoadhibiwa, na tunafunga mjadala. Lakini someni Kumbukumbu la Torati 1:27 muone walinung'unikia wapi. Musa anawakumbusha kwamba walinung'unika ndani ya hema zao. Walimsema Mungu akiwa kama hayupo. Walisema anawachukia, kisha katika Hesabu 14 wakaanza kupanga kumchagua kiongozi mwingine awarudishe Misri. Walikuwa wameshahama moyoni, na maneno yao yalikuwa ya watu wanaofunga mizigo.

Mwimbaji wa Zaburi ya 44 ana maneno makali kuliko hayo. Anamwambia Mungu: umetutupa, umetuaibisha, hutoki na majeshi yetu. Anathubutu hata kusema, "Amka, Bwana, mbona umelala?" Jaribuni kuomba hivyo kwenye maombi ya katikati ya wiki muone watu watakavyofumbua macho. Ila maneno yote hayo anayasema uso kwa uso. Hajakwenda pembeni kumsema, wala hajafunga mzigo. Katikati ya zaburi anatoa ushuhuda ambao kila nikiusoma nanyamaza kwanza: "Haya yote yametupata, bali hatukukusahau."

Hapo kuna jambo ambalo mahubiri mengi ya siku hizi hayawezi kulibeba. Zaburi nyingine za huzuni zinakiri dhambi. Watu wanasema tumepigwa kwa sababu tumekosa. Hii haisemi hivyo. Inasema tumepigwa, na agano hatukulivunja. Maana yake ni kwamba ndani ya Biblia yetu umewekwa wimbo wa watu waaminifu walioshindwa, na Mungu hakuufuta. Anayekuambia kwamba biashara yako ilianguka kwa kuwa hukutoa sadaka ya kutosha, au kwamba mtoto wako hakupona kwa kuwa imani yako ilikuwa ndogo, mpelekee zaburi hii, aisome mbele yako kwa sauti. Marafiki wa Ayubu walikuwa na hoja za namna hiyo, zote safi, zote za kumtetea Mungu. Mwisho wa kitabu Mungu akawakasirikia wao, akasema Ayubu ndiye aliyenena yaliyo sawa. Ayubu, aliyelalamika sura baada ya sura!

Sasa niseme la kwetu, maana hili linaniuma zaidi ya ligi. Kuna ndugu alikuwa anaketi upande wa madirisha, karibu na kwaya. Alipoteza kazi, kisha mambo ya nyumbani yakaharibika. Kila tulipomsalimu alijibu, "Niko sawa, namshukuru Mungu." Tukaridhika. Tulimwona kuwa mtu wa imani kwa sababu hakulalamika. Akaanza kuja mara moja moja, kisha hakuja tena, na hakuna aliyejua ni Jumapili gani ilikuwa ya mwisho kwake. Upande mwingine kuna mama mmoja ambaye kwenye vikundi vya maombi hutuchosha. Ameomba juu ya jambo moja kwa miaka mingi, na haogopi kusema kwamba amechoka kungoja na kwamba Mungu anamchelewesha. Wengine humkatiza kwa aya ya kumtuliza. Huyo mama bado yuko. Yuko kwenye usafi wa kanisa, yuko kwenye matanga ya kila mtu. Ningependa tujiulize ni nani kati ya hawa wawili tuliyemhesabu kuwa dhaifu.

Mashabiki nao wana namna zao mbovu za kukata tamaa. Yuko anayerusha chupa na kung'oa viti, na klabu isiyo na hela inapigwa faini juu ya umaskini wake. Yuko pia anayebeti dhidi ya timu yake mwenyewe, ili ikifungwa apate cha kumfariji. Huyo wa pili ananihuzunisha sana. Anakaa jukwaani amevaa jezi yetu huku moyo wake ukingoja bao la wapinzani. Hata kanisani mtu anaweza kukaa hivyo, akiimba huku ameshaweka matumaini yake yote mahali pengine, na kila tunapojikwaa yeye anapata uthibitisho.

Na tofauti ipo, ni lazima niiseme. Klabu haikujui. Ingwe haikufa kwa ajili yako, na hakuna ahadi popote kwamba 1998 itarudi. Mungu wa Zaburi ya 44 ameweka agano, na mwimbaji anamdai kwa agano hilo hilo. Ndiyo maana maneno yake ya mwisho hayategemei sifa za watu. Anamwomba Mungu ainuke awakomboe kwa ajili ya fadhili zake mwenyewe. Zaburi inaishia hapo. Hakuna jibu. Hatuambiwi kama vita vilivyofuata walishinda.

Miaka mingi baadaye Paulo anaandika kwa Warumi, na katikati ya sura ya 8, sura tunayoipenda kwa maneno yake ya ushindi, anachomoa aya ya 22 ya zaburi hii: "Kwa ajili yako tunauawa mchana kutwa." Anaiweka hapo bila kuilainisha. Ni baada ya hapo tu anaposema kwamba katika mambo hayo yote tunashinda, na zaidi ya kushinda, kwa yeye aliyetupenda. Katika mambo hayo yote, anasema. Dhiki, njaa na upanga bado vipo kwenye orodha yake. Sisi tumezoea kuinukuu aya ya 37 na kuiacha ile ya 36 nyuma, na kwa kufanya hivyo tumewaacha nyuma na watu wanaoishi ndani yake.

Jambo la mwisho, la isukuti. Wanaokuja Nyayo wanazijua ngoma zile, kubwa, ya kati na ndogo, zinazobebwa kwapani na kupigwa kwa mikono. Ngoma hizo zinatoka kwa Waisukha na Waidakho wa Kakamega, na mwaka 2014 UNESCO iliuweka mchezo wa isukuti kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Isukuti hupigwa harusini na hupigwa matangani. Ngoma ni zile zile, na wapigaji ni wale wale. Siku ile niliyoisema hatukurudisha bao. Kipenga cha mwisho kilipolia watu wengi walikuwa wameshaelekea getini, na vijana wa ngoma walikuwa bado wanapiga, shati zimeloa, mmoja amejifunga kitambaa kwenye vidole vilivyochubuka. Mwanangu wa dada alikuwa amesimama karibu nao, sauti imemkauka, bado anamweleza mtu habari za beki wa kushoto.

Zaburi ya 44 iliandikwa "kwa mwimbishaji", ya wana wa Kora, maana yake iliimbwa na kwaya mbele ya watu wote. Malalamiko yalikuwa na zamu yake katika ibada. Karibu thuluthi moja ya Zaburi ni za namna hii. Kwenye nyimbo zetu za Jumapili sidhani zinafika hata tatu.

Kwa hiyo nimezungumza na viongozi wa maombi, nao wamekubali. Jumatano hii hatutakuwa na mahubiri. Tutaisoma Zaburi ya 44 kwa zamu, wanaume aya moja, wanawake aya moja, mpaka mwisho. Kisha kila mwenye neno na Mungu atalisema kwa Mungu, kwa lugha yake, na hakuna atakayemkatiza wala kumrekebisha. Mama niliyemtaja atakuwepo. Yule ndugu nimempigia simu. Hajasema atakuja, lakini alipokea, na tuliongea muda mrefu. Tunaanza saa kumi na moja na nusu jioni. Wenye isukuti waje nazo.