Siku moja ya mgonga boriti

Mtaani kwetu Fuoni wananitania kuwa naishi kwa kutembea na nyundo bila kujenga kitu. Hawajakosea sana. Kazi yangu ni kukagua nyumba za mawe za Mji Mkongwe, Zanzibar, kabla hazijauzwa au kukarabatiwa. Natafuta ubovu uliojificha. Nagonga, nasikiliza, naandika, naondoka.

Saa kumi na moja na nusu alfajiri. Sala, chai ya rangi, andazi. Mfukoni: nyundo ndogo, bisibisi ndefu, tindo, tochi ya kichwani, kipima unyevu na kanga kuukuu ya kujifunga usoni. Daladala hadi Darajani.

Saa moja na nusu. Nyumba ya Kiponda. Wenyewe wanajua wana mchwa, wanataka tu kujua wamefika wapi. Wamefika kwenye fremu ya mlango wa uani, basi. Nusu saa, nikalipwa, nikapewa na chapati.

Saa tatu. Nyumba ya Malindi, ghorofa mbili, inauzwa. Mnunuzi yuko Maskati, yeye ndiye aliyenituma. Aliyenipokea mlangoni ni dalali, shati limepigwa pasi, simu mbili mkononi.

"Fundi, dakika kumi tu, eh? Nyumba nzima, hii. Itazame mwenyewe."

Chumba cha kwanza kilikuwa kizuri kweli. Boriti nyeusi, zimenyooka. Hapo ndipo watu wengi wanapodanganyika. Kuta za nyumba hizi ni mawe ya matumbawe na chokaa, unene nusu mita na zaidi, na sakafu za juu zimebebwa na boriti za mkoko, zile zilizokuwa zikija kwa majahazi kutoka Rufiji na Lamu. Vyumba vya zamani ni vyembamba, upana wake kama mita 3, kwa sababu boriti haivuki zaidi ya hapo. Mtu akiingia hutazama katikati ya dari na kusema mashallah. Lakini boriti huanza kuoza kichwani, pale ilipochomekwa ukutani. Ukuta wa chokaa ukinywa maji huyatoa taratibu. Ukiupiga lipu ya saruji umeyafungia ndani, na kichwa cha boriti kinalowa humo mwaka hadi mwaka huku tumbo lake likikuchekea.

Chumba cha nyuma, juu, kilikuwa na dari mpya ya jipsamu, nyeupe pee. Jipsamu nyumba ya mawe! Nikaomba nitoboe tundu la ukubwa wa sahani, karibu na ukuta.

"Hutoboi."

"Siwezi kuandika nisichokiona, kaka."

"Basi andika dari ni mpya."

Tukaanza. Akampigia mwenye nyumba, hapokei. Akaniambia ningechungulia kwenye tundu la taa. Nikachungulia kumridhisha. Taa iko katikati, nikaona matumbo tu. Akaniuliza nalipwa kwa tundu au kwa siku. Nikamkumbusha Beit al-Ajaib, lile jumba la sultani: ilijengwa 1883, ikapigwa picha na kila mgeni, na Desemba 25, 2020 upande mmoja ukaporomoka na watu wakafa. "Usinitishe na majumba ya masultani," akasema, "hii nyumba ya watu wa kawaida." Akampigia tena mwenye nyumba. Mimi nimekaa juu ya ngazi, joto la mabati linanishukia shingoni, adhuhuri inaadhiniwa, namsikia akisema kwenye simu kwamba kaletewa fundi mbishi.

Nikashuka nikasali. Niliporudi nilimkuta bibi mpangaji wa chumba kile kasimama ukumbini.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Unatafuta panapovuja? Hapo pembeni. Masika naweka ndoo mbili. Huyo kijana kanambia nisiseme."

Dalali akacheka peke yake. Kumbe juu ya pembe ile kuna choo kilichoongezwa, na paipu yake inapita ndani ya ukuta. Ukutani, kipima unyevu kilipanda hadi mwisho.

Saa ngapi ile, sijui, nane na kitu. Mwenye nyumba hatimaye kapokea, kakubali. Nikakata tundu. Vumbi la dumuzi likanimwagikia usoni, laini kama unga wa sembe. Nikaingiza mkono, nikagonga. Boriti nzima hulia ko, ko. Hii ilijibu bu. Bisibisi niliisukuma kwa kidole gumba ikazama hadi kwenye mpini, kama kwenye boga lililopikwa. Ya pili hivyo hivyo. Kwa tundu moja huwezi kusema kitu, kwa hiyo nikaomba matundu mengine mawili, na ugomvi ukaanza upya. Siuandiki, nimechoka hata kuukumbuka. Boriti 14, tano vichwa vimeoza, mbili kati yake zimeshalala juu ya jipsamu.

"Andika 'matengenezo madogo'," dalali akasema, safari hii kwa upole, na mkono mfukoni.

Nikaandika tano. Nikaandika pia kwamba bibi asilale chumba kile, na boriti zisiguswe kabla ya kupata kibali na kuweka nguzo za kushikilia. Yeye bibi nilimwambia kwa mdomo, nikamsaidia kuvuta kitanda hadi upande wa barabarani. Dalali hakushika hata mto.

Alasiri ilinipita, nikailipa nyumbani. Mikono inatetemeka, masikio yamejaa chokaa, mke wangu hataki niguse kiti kabla sijaoga. Usiku nikatuma ripoti na picha 11 Maskati. Jibu likaja upesi, mstari mmoja: "Kwa hiyo nimwambie apunguze kiasi gani?"

Nikamwandikia kuwa bei si kazi yangu. Kisha nikamuuliza kama ameziona picha za chumba cha bibi. Tiki mbili za buluu. Nikasinzia na simu kifuani.